Tulipopanda na Mto: Siku Moja Kando ya Maji ya Nyumbani

(Maneno yaliyosomwa kwa niaba ya kamati ya miradi kwenye harambee yetu ya mwaka. Yamechapwa hapa kwa ombi la wanachama ambao hawakuweza kufika ukumbini.)

Tunaomba tusirudie majina ya meza kuu moja baada ya jingine, maana mwaka jana tulifanya hivyo na pilau ikapoa.

Kamati ya miradi ilitakiwa kusoma taarifa. Taarifa ipo, imechapwa kwenye kurasa za mhasibu katika kitabu hiki pamoja na makisio ya gharama, na kila mmoja ataisoma kwa wakati wake. Sisi tumeona ni heri tuwasimulie siku moja tuliyoitumia kutembea kando ya mto, kwa sababu mambo yote tunayokuja kuyaomba leo tuliyaona siku ile kwa macho yetu.

Lakini kwanza kuna deni la maneno, na deni halifi kwa kunyamaziwa. Miaka mitatu iliyopita, katika ukumbi kama huu, tulichangishana fedha za kujenga kivuko cha watoto wa shule. Tulituma fedha kwa simu, tukaletewa picha kwa simu, tukapongezana kwa simu. Kivuko kilisimama tangu Agosti hadi wiki ya kwanza ya mvua kubwa. Kisha tukaletewa picha nyingine, na humo hapakuwa na kivuko, palikuwa na maji mekundu na nguzo moja imeinama. Tunajua kwamba wengi wenu mmelinong'ona jambo hili, na wengine mmepunguza michango kwa sababu yake. Mna haki. Mbao zilikuwa nzuri, na mafundi walifanya kile walichoambiwa. Tuliokosea ni sisi wa kamati. Tulichagua mahali pa kujenga tukiwa Dar es Salaam, kwa kuangalia picha iliyopigwa kiangazi, hakuna hata mmoja wetu aliyekwenda kuuliza maji ya masika hufika wapi.

Ndiyo sababu Septemba iliyopita tulikwenda. Tulikuwa watu 14, kila mmoja kwa nauli yake. Hakuna hata shilingi moja ya chama iliyotumika, mhasibu ni shahidi. Baadhi yetu walipanda basi, na wazee wawili wakakataa katakata, wakasema hawawezi kufika Mpanda kwa njia nyingine isipokuwa treni. Hatukuwalaumu. Reli ile ya kutoka Kaliua, kilomita 210 za pori na vituo vidogo, ilifika kwetu mwaka 1950 kwa ajili ya madini ya risasi. Enzi ya risasi ikapita, reli ikabaki, na wengi wetu humu ndani tulitoka nyumbani mara ya kwanza tukiwa na sanduku la bati kwenye behewa la daraja la tatu. Wale wazee wawili walifika wamechelewa kuliko sisi, wamejaa vumbi, na wamefurahi kuliko sisi.

Tuliondoka mjini saa kumi na moja alfajiri kwa gari mbili aina ya Noah, tukielekea upande wa milima ya magharibi. Barabara ilipokuwa haifai tena, tukashuka. Hapo kwenye kibanda cha mama muuza chai alikuwa anatusubiri mzee mmoja mfuga nyuki, aliyekubali kutuongoza. Hatumtaji jina kwa sababu alituomba tusimtaje. Alitutazama miguuni, mmoja baada ya mwingine, akacheka. Watu wa mjini tulikuwa tumevaa raba nyeupe.

Kabla hatujaanza kupanda, mzee alisimama kwenye maji ya kifundo cha mguu akatuuliza: "Wanangu, maji haya yanakwenda wapi?" Mmoja wetu akajibu haraka kwamba yanakwenda baharini, kama mito yote. Mzee akatikisa kichwa.

Naomba tukae kidogo hapa, hasa kwa ajili ya vijana, maana hata sisi wakubwa wengine hatukuwa tumelipanga vizuri kichwani. Kijito kile (kina majina mawili kutegemea uko kijiji gani, na hatutaanzisha ugomvi huo leo) kinaingia mto Katuma. Katuma unashuka kusini ya mji wa Mpanda, unapita kwenye mashamba ya mpunga, unafika Sitalike, unaingia Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Humo unalisha mbuga za Ziwa Katavi na Ziwa Chada, kisha unatoka kwa jina la Kavuu na kumalizikia Ziwa Rukwa. Na Ziwa Rukwa halina mlango wa kutokea. Maji yake hayaendi popote ila juu, yakikaushwa na jua. Lakini mvua ikinyesha upande wa pili wa milima hiyohiyo, maji yanateremka Ziwa Tanganyika, yanatoka kwa mto Lukuga, yanaingia mto Kongo na kufika bahari ya Atlantiki. Kwa hiyo matone mawili yanaweza kuanguka jirani kabisa, moja likasafiri kuvuka Afrika nzima na jingine lisitoke nyumbani. Mzee alisema: "Haya ni ya kwetu. Tukiyaharibu hapa, hakuna kwingine yanakokwenda kusafishwa."

Tukaanza kupanda saa moja asubuhi. Njia inafuata ukingo wa kushoto, ndani ya miyombo. Septemba majani mapya ya myombo hutoka kabla hata ya mvua, mekundu kama kutu, na jua la asubuhi likipita ndani yake pori lote linaonekana kama linawaka taratibu. Mmoja wetu ambaye hajafika nyumbani kwa miaka 19 alisimama hapo akajifanya anafunga kamba za viatu. Tulimwacha.

Mahali pa kwanza maji yanaporuka mawe tulipasikia kabla ya kupaona. Mto hapo unabanwa kati ya miamba miwili myeusi, unateremka kwa ngazi ndogondogo, mita moja hapa, nusu mita pale, na kati ya ngazi na ngazi kuna vidimbwi ambavyo watoto wa zamani walijifunzia kuogelea. Wawili kati yetu walikuwa watoto hao. Walibishana kwa dakika nyingi kuhusu dimbwi lipi lilikuwa la wavulana na lipi la wasichana, hadi mzee akawakumbusha kwamba jua halimsubiri mtu. Mhasibu wetu, ambaye mnamjua kwa uangalifu wake wa fedha, alitaka kuvuka kwenye jiwe lenye ukungu wa kijani. Tunamheshimu sana, kwa hiyo tutasema tu kwamba alifika ng'ambo akiwa amelowa mpaka kofia.

Juu kidogo ya hapo ndipo kilipokuwa kivuko chetu.

Ndugu zangu, pale kimya kilitushika. Mto unatanuka, unakuwa mpana na wenye kina kifupi, mchanga mweupe, mahali pazuri pa kukaa na kula chakula. Ukipiga picha kiangazi utasema hapa ndipo. Nguzo moja bado ipo, imelala upande. Mzee hakusema neno. Alinyoosha fimbo yake juu. Tukatazama juu, kwenye matawi ya mti wa mkuyu, tukaona majani makavu, vijiti na kipande cha salfeti vimenasa kwenye panda ya mti, juu ya kichwa cha mtu mrefu kuliko wote kati yetu. Ndipo maji yalipofika. Sisi tulikuwa tumejenga kivuko ambacho masika kingekuwa chini ya mto.

Akatupeleka hatua kama 200 juu, mahali ambapo miamba ya pande zote mbili inakaribiana na kusimama wima. Akasema, "Hapa babu zetu waliweka gogo. Gogo lilikuwa linabadilishwa likioza tu, si kwa sababu ya maji." Kwenye mwamba kuna mstari wa rangi, chini ni cheusi na juu ni kijivu, na ule mstari ndio alama ya maji ya masika. Kutoka kwenye mstari hadi ukingo wa juu kuna nafasi ya kutosha ya mtu kusimama. Fundi wa madaraja, mtoto wa nyumbani ambaye safari hii tulikwenda naye, alipima kwa kamba na kuandika. Aliandika kwa muda mrefu. Baadaye alituambia kwamba mwamba ule ni msingi ambao haununuliwi kwa fedha, na kwamba daraja la miguu la kamba za chuma hapo litahitaji saruji kidogo kuliko tulivyodhani.

Tulipokuwa bado hapo, saa mbili na nusu hivi, wakaja watoto wanne waliochelewa shule. Walivua viatu, wakavifunga shingoni kwa kamba, wakapita kwenye mawe kama mbuzi, bila hata kutazama chini, wakatuamkia: "Shikamooni!" Tuliitikia kwa pamoja. Mmoja wao, binti wa darasa la tano, tulimwuliza masika anapitaje. Akashangaa swali. "Masika hatuendi," akasema, kama mtu anayeeleza kwamba usiku kuna giza. Mdogo wake akaongeza kuwa kuna mwenzao alijaribu, mto ukamchukua, akashika mzizi wa mkuyu, akatolewa na watu waliokuwa wakichoma mizinga ya nyuki. Alipona. Begi lake lilikwenda na madaftari yote. Kisha wakakimbia, maana kengele ilikuwa imeshagongwa. Baadaye mwalimu mmoja alitufungulia kitabu cha mahudhurio. Kwa watoto wa ng'ambo ya mto, Machi na Aprili ni mistari mitupu.

Kutoka hapo njia inakuwa kali. Mbung'o walituamkia kwa namna yao. Maporomoko ya chini yana urefu wa nyumba ya ghorofa mbili hivi, na maji yake hayaanguki moja kwa moja bali yanateleza juu ya mwamba uliolala, yakijikunja na kujikunjua kama kitambaa. Ni mazuri. Tuwe wakweli, si Kalambo. Waliofika kule Rukwa mpakani na Zambia, ambako maji yanaanguka zaidi ya mita 200 kwa mruko mmoja, wasije wakatucheka. Lakini Kalambo si ya bibi yako, na haya ni. Tulikula hapo. Mama zetu wawili walikuwa wamebeba ugali uliofungwa kwa majani ya mgomba, migebuka ya kukaanga kutoka ziwani na chumvi ya pilipili. Mzee akatoa kipande cha asali kwenye sega, nyeusi, nzito, ile ya miyombo inayoacha uchungu kidogo mwishoni. Kwa muda hakuna aliyezungumza mambo ya chama.

Ni mzee aliyeanza. Alisema alipokuwa kijana, mwezi kama huo wa Septemba, mtu akilala kijijini usiku alikuwa anasikia maporomoko ya juu. Tukategea masikio. Tulisikia maji yaliyokuwa mbele yetu tu. "Ya juu mtayaona," akasema, "lakini hamtayasikia."

Tulipanda saa nzima nyingine kuyafikia. Mwamba ni mrefu kama mninga mkubwa uliokomaa, umepinda ndani kama kiganja, na upana wa doa jeusi la maji ya zamani ungetosha barabara ya gari. Katikati ya doa hilo kulikuwa na uzi wa maji. Mtu angeweza kuoga chini yake bila kusikia kishindo. Tulipiga picha, ndiyo, lakini wapiga picha wetu walikuwa wanatafuta upande ambao uzi ule ungeonekana mnene, na tukaona aibu, tukaacha.

Juu ya maporomoko ndipo tulipopata jibu. Miyombo iliyopaswa kufunika kile kibonde cha chemchemi ilikuwa imekatwa, na matanuru ya mkaa yalikuwa bado na joto. Shamba la nyanya na vitunguu lilikuwa limelimwa mpaka kwenye ukingo, kiasi kwamba mche wa mwisho ulikuwa na mizizi ndani ya maji. Pampu ndogo ya petroli ilikuwa inanguruma. Baadhi yetu walianza kupandisha sauti kabla hatujamwona mtu.

Mtu mwenyewe alitoka kwenye kibanda na mkewe na mtoto mgongoni. Alituamkia, akamwamkia mzee mara mbili, akatuletea viti viwili na magogo. Akatupa matango. Ni vigumu kumgombeza mtu anayekukatia tango. Alikuja na familia yake kutoka mkoa mwingine baada ya malisho kukauka, akakodishiwa lile eneo na mtu aliyemwambia kwamba halina katazo. Tulimweleza sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Wazee wangu, mita 60 juu ni mawe. Nioneshieni mahali pengine pa kulima nihame kesho." Hatukuwa na pa kumwonesha.

Mzee ndiye aliyezungumza naye vizuri kuliko sisi. Alimwuliza mizinga mingapi anayo. Hakuwa nayo hata mmoja. Alimwuliza kama visiki vya miyombo anavichoma moto. Akasema ndiyo, ili visisumbue jembe. Mzee akamwambia kitu ambacho wengi wetu hatukukijua: kisiki cha myombo kikiachwa bila kuchomwa, huchipua chenyewe, na baada ya miaka michache kuna pori bila mtu kupanda mche hata mmoja. Wakaondoka wawili hao kwenda kutazama visiki, wakatuacha na matango.

Fundi wetu wa madaraja alitueleza hapo hapo kwa nini mambo haya mawili ni jambo moja. Pori likiwepo, mvua inaanguka kwenye majani, inaingia kwenye udongo uliojaa majani yaliyooza, inatoka polepole hadi Oktoba. Pori lisipokuwepo, mvua ya siku moja inateremka yote siku ileile. Mto wa namna hiyo unajaa kupita kiasi Machi na kukauka kupita kiasi Septemba. Ni maji yaleyale yaliyokosekana kwenye maporomoko ya juu ndiyo yaliyoning'iniza salfeti kwenye mkuyu na kuondoka na kivuko chetu. Hivyo tukijenga daraja na kuiacha chemchemi, ile alama ya maji kwenye mwamba itapanda mwaka hadi mwaka. Alisema hawezi kutuhakikishia daraja la miaka 30 kwenye mto ambao unabadilika miaka mitatu.

Njiani kurudi tuligombana, na hatutawaficha. Kundi moja lilisema fedha za mwaka huu zijenge ngazi na banda kwenye maporomoko ya chini, tuweke kibao, watalii wanaokwenda Katavi wapite kwetu, kijiji kipate kiingilio. Si wazo baya. Kundi la pili likasema daraja kwanza na daraja peke yake, kwa sababu tuna deni. Kundi la tatu, la watu watatu tu, likasema chemchemi kwanza. Tuligombana tangu maporomoko ya chini mpaka kwa mama muuza chai, na mama muuza chai naye akatoa maoni yake, ambayo ni kwamba watu wa mjini wanapenda sana vibao.

Kesho yake watano wetu tulikwenda Sitalike, kilomita kama 35 kusini ya mji, kutazama yaliko matokeo. Hifadhi ile imekuwepo kwa hadhi ya hifadhi ya taifa tangu 1974, na ukubwa wake ni kilomita za mraba 4,471. Jina lake ni la Katabi, yule ambaye wazee wetu waliweka sadaka kwa ajili yake chini ya mkwaju karibu na ziwa. Watu wanatoka Ulaya na Marekani kuja kuitazama, na sisi tunapita na basi kwenye daraja tumelala. Tulisimama hapo ukingoni. Katuma, mto wenyewe, ulikuwa matope. Viboko walikuwa wamebanana kwenye tope mmoja juu ya mwingine, wengi mno kuhesabika, migongo imepasuka kwa jua, wakisukumana na kung'atana kwa ajili ya mahali pa kulowesha ngozi. Wengine walikuwa hawasukumani tena. Kiangazi viboko wa Katavi hukusanyika, hiyo ni kawaida ya miaka yote, na wageni hupenda kuiona. Lakini kijana mmoja wa Sitalike alituambia kwamba tope huanza mapema sasa. Maji yanakatwa njiani. Kwa miaka mingi mabwawa na mifereji isiyo na kibali imekuwa ikijengwa juu ya mto kwa ajili ya mpunga, mamlaka zinabomoa, watu wanajenga tena. Na sisi, kabla hatujawanyooshea kidole watu wa mpunga, tulikumbuka tango la yule bwana. Lilikuwa tamu, na lilikuwa maji ya Katuma.

Basi tulikaa jioni ile Mpanda, kwenye uwanja wa nyumba ya mmoja wetu, tukamaliza ugomvi. Haya ndiyo tuliyokubaliana, na ndiyo tunayoyaomba.

Daraja litajengwa mahali pa gogo la wazee, kwenye mwamba, kwa michoro ya fundi na kwa kukaguliwa na mhandisi wa halmashauri. Halitaanza kujengwa mpaka barua ya ukaguzi iwe mkononi mwa mhasibu. Tunaomba hili liwe sharti lililoandikwa kwenye muhtasari wa leo, ili hata sisi tukishawishika kuharakisha, ninyi mtuzuie.

Kibonde cha chemchemi kitaachwa kichipue. Serikali ya kijiji imeshakubali kuzungumzia mpaka wa mita 60 kwenye mkutano mkuu wa kijiji, na kuanza utaratibu wa kuunda jumuiya ya watumia maji chini ya Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Rukwa. Hiyo ni kazi yao, si yetu, hatutawafundisha kutawala kijiji kutoka Dar es Salaam. Sisi tumeombwa vitu viwili: mizinga ya kuanzia, na mpira mrefu wa kupeleka maji kwenye kipande cha ardhi ambacho kijiji kimepata kwa ajili ya yule bwana na familia nyingine tatu, mbali na ukingo. Mzee atawafundisha ufugaji wa nyuki bila malipo. Kuna aliyetaka tununue miche ya mikaratusi kwa sababu inakua haraka. Hapana. Mkaratusi ni mnywaji, hauwekwi kwenye chemchemi.

Ngazi na banda na kibao vitasubiri. Watetezi wa wazo hilo wamekubali kwa moyo mzuri, isipokuwa mmoja, ambaye yupo ukumbini na anatabasamu.

Jambo la mwisho ni dogo. Septemba ijayo tunakwenda tena, njia ileile, na safari hii tunataka vijana. Kila mtu nauli yake. Viatu visiwe vyeupe. Tutaondoka mjini saa kumi na moja, na mzee amesema atawasubiri kwenye chai mpaka saa moja, si zaidi. Anayetaka kwenda aandike jina kwenye daftari lililoko mlangoni, karibu na meza ya mhasibu, ambako pia ndiko bahasha zilipo. Mhasibu amekauka sasa, mnaweza kumsogelea.

Wapishi wanaashiria kwamba chakula kiko tayari. Karibuni.